Majina ya Wazee Wetu, na Vitabu Vinavyoyahifadhi

Kila mwaka shule zifunguliwapo, mwalimu wa darasa la kwanza huketi na daftari lake mbele ya wazazi na watoto, na swali lake la kwanza ni moja kwa wote: Mtoto huyu ni nani, na baba yake ni nani? Hapa Bagara, katika mji wa Babati, majibu huja kwa lafudhi nyingi. Wako Wagorowa, ambao nchi hii ya mlima Kwaraa ni yao tangu zamani. Wako Wairaqw waliotoka Mbulu, na Wadatoga wa upande wa Hanang', na Warangi, na Wambugwe, na wageni wa kila namna walioletwa na biashara na barabara kuu. Wote huandikwa katika daftari moja, kwa kanuni moja: jina la mtoto, jina la baba, jina la babu.

Kanuni hii yaonekana kuwa nyepesi, lakini tuitazame vema. Mtoto akikua na kuzaa, jina lake huingia mahali pa baba, jina la baba yake huingia mahali pa babu, na jina la babu yake huanguka. Ni kama ngazi ambayo kidato chake cha chini huondolewa kila mara mtu apandapo kimoja. Ndiyo sababu vijana wengi waliosoma, wenye vyeti vya kila namna, ukiwauliza jina la baba wa babu yao hunyamaza. Si kwamba hawakufundishwa heshima. Ni kwamba hakuna karatasi yao hata moja yenye jina hilo. Basi twataka kutafuta hapa jinsi mtu aweza kushuka chini ya kidato kile cha tatu, na ni kitu gani kilichowasaidia watu wa nchi nyingine kushuka.

Tuanze na majina mawili ambayo wapenda michezo wanayajua. Mwaka 1978, katika mji wa Edmonton huko Kanada, Gidamis Shahanga wa Katesh alishinda mbio za marathoni katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Mwaka 2005, katika mji ule ule, Fabiano Joseph, mzaliwa wa Babati, alishinda mbio za dunia za nusu marathoni. Jina la yule wa kwanza, mtu wa nchi yetu akilisikia hujua mara moja kuwa limetoka hapa kwetu. Jina la yule wa pili lingeweza kuwa la mtu wa Roma. Analo jina jingine, Naasi, nalo ndilo limrudishalo nyumbani. Lakini katika orodha nyingi za washindi jina hilo huachwa. Hatusemi kwamba jina moja ni bora kuliko jingine. Twasema tu kwamba kati ya mashindano yale mawili ilipita miaka 27, na mtu wa mbali asomaye orodha hizo hawezi kujua kwamba wakimbiaji wale wawili walitoka katika nchi jirani.

Tumeitaja Kanada kwa sababu nyingine pia. Upande wa mashariki wa nchi ile wanakaa watu wa Quebec, uzao wa Wafaransa waliovuka bahari katika karne ya 17, nao kwa kutafuta wazee wao ni hodari sana. Mtu wa kawaida kabisa wa Quebec, mkulima au fundi, mara nyingi aweza kukuhesabia vizazi kumi na zaidi mpaka kwa yule aliyeshuka melini. Watu hao hawako mbali nasi kama tudhanivyo. Shirika la Mapadre Weupe, lililoanzishwa Algeria mwaka 1868, lilifungua nyumba Quebec mwaka 1901 kwa mkono wa John Forbes, aliyekuwa baadaye askofu katika Uganda. Na tangu hapo wana wengi wa Quebec walikuja kufanya kazi katika Afrika ya Mashariki, wakashika kalamu na kuandika ubatizo wa watu wetu katika vitabu vya namna ile ile walivyoandikwa wao wenyewe.

Habari za vitabu hivyo ni hizi. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliamuru kila paroko awe na kitabu cha ndoa, na aandike wasimamizi wa wabatizwao, ili ijulikane nani ni ndugu ya nani na watu wasioane wakiwa jamaa. Wafaransa walipojenga Quebec mwaka 1608, na baadaye familia za wakulima zilipoanza kufika, desturi hiyo ilikwenda nao. Watu hawakuwa wengi. Kati ya mwaka 1663 na 1673 mfalme Louis wa 14 alipeleka wanawake wapatao 770 ili waolewe huko, kwa kuwa wanaume walizidi mno. Mwaka 1665 aliwapeleka askari wa kikosi cha Carignan-Salières, yapata 1,200, wapigane na Wairokwa. Na vita ilipokwisha askari wapatao 400 walibaki wakalima. Haifai kusahau kwamba nchi ile ilikuwa na wenyewe kabla ya hao wote, na kwamba wenyewe hao ndio wapatao shida zaidi leo wakitafuta wazee wao katika vitabu vya wageni.

Vitabu vyenyewe viliandikwa mara mbili, nakala moja ikikaa kanisani na nyingine ikipelekwa mahakamani. Faida yake ni wazi. Mwaka 1640, kabla ya desturi ya nakala mbili kushika, kanisa la Quebec liliungua moto pamoja na vitabu vyote vya ubatizo, ndoa na maziko vya miaka ya kwanza. Walifanya nini? Waliwauliza watu. Mama alisema siku aliyozaa, msimamizi akasema mtoto aliyemshika, na kitabu kikaandikwa upya kwa kumbukumbu. Jambo hili latupendeza kuliko mengine yote katika habari za Wakanada, maana laonyesha kwamba hata kwa wenye kuandika, wino ulimalizika na midomo ya wazee ikafanya kazi yake.

Karne mbili baadaye padre mmoja, Cyprien Tanguay, alipita katika vitabu vya parokia akatengeneza kamusi ya familia zote za Kanada ya Kifaransa, juzuu 7, zilizotoka kati ya mwaka 1871 na 1890. Mwaka 1966 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Montréal walianza kazi hiyo upya kwa mitambo ya kuhesabu. Katika hesabu zao yuko seremala Zacharie Cloutier, aliyefika mwaka 1634. Kufikia mwaka 1800 uzao wake ulikuwa umepita watu 10,000.

Lakini kitabu peke yake kisingetosha, na hapa twafika penye kiini cha maneno yetu. Wakanada hao walikuwa na desturi ya kuwapa karibu wavulana wote jina la Joseph katika ubatizo, na wasichana jina la Marie, kisha jina la msimamizi, kisha jina la kuitwa nyumbani. Ukifungua kitabu ukakuta Joseph, hujapata kitu bado. Wako Joseph wengi mno. Kilichowaokoa ni mambo mawili.

La kwanza ni kwamba mwanamke aliandikwa siku zote kwa jina la nyumba ya baba yake, hata baada ya kuolewa, hata siku ya kuzikwa. Kwa hiyo kila ubatizo una majina ya nyumba mbili, ya baba na ya mama, na mwenye kutafuta ana njia mbili za kupanda. Jambo hili hata sheria ya Quebec imelirudia tangu mwaka 1981, kwamba mke hashiki jina la mume.

La pili ni jina la pili la ukoo, ambalo Wafaransa walilitanguliza kwa neno lenye maana ya "aitwaye". Askari kila mmoja alikuwa na jina lake la vitani: Lafleur, yaani Ua, Sansregret, yaani Bila Majuto, Tranchemontagne, yaani Kata-mlima. Majina ya namna hii, twafikiri, mzee wa Kigorowa angeyaelewa upesi kuliko Mwingereza. Wengine waliitwa kwa nchi walikotoka au kwa shamba lao. Majina hayo yakarithiwa. Antoine Roy aitwaye Desjardins, maana yake "wa bustanini", alikuwa mmoja wa watu hao wa karne ya 17. Katika uzao wake wengine waliitwa Roy na wengine Desjardins, na mgeni asiyejua neno lile "aitwaye" angedhani ni koo mbili. Katika uzao huo alizaliwa Alphonse Desjardins, ambaye mwaka 1900 alianzisha katika mji wa Lévis chama cha kuweka akiba na kukopeshana. Mwalimu mwenye hisa katika chama cha akiba na mikopo huenda hajui kwamba chama chake ni mjukuu wa mbali wa kile cha Lévis.

Waliohamia Marekani kufanya kazi viwandani walipata hasara kubwa zaidi. Roy akawa King, Boisvert akawa Greenwood, kwa kufasiriwa tu. Na wajukuu wao leo hutafuta Greenwood katika vitabu vya Quebec wasimwone.

Sasa turudi kwetu. Wairaqw na Wagorowa, ambao lugha zao ni karibu sana, tangu zamani humtaja mtu kwa jina lake na jina la baba yake, bila neno la kuunganisha. Haymu Tipe, yule mzee wa mambo ya siri atajwaye katika hadithi ya kale, ni Haymu mwana wa Tipe. Nade Bea, aliyejulikana sana huko Kainam katika siku za wakoloni, ni Nade mwana wa Bea. Hadithi yenyewe ya Haymu husema kwamba watu walikaa pamoja Ma'angwatay; vijana wakataka vita, wakamficha mwana wa pekee wa mzee ili awatafutie adui; akawaletea Wadatoga, nao vijana wakashindwa, na watu wakatawanyika. Wengine husema hapo ndipo walipotengana Wairaqw, Wagorowa, Waalagwa na Waburunge. Wenye elimu hubishana juu ya mahali na wakati. Sisi twataka msomaji aone jambo moja dogo: katika hadithi nzima jina lililodumu ni jina lenye baba ndani yake.

Jina lenyewe hutolewa kwa yaliyotukia wakati wa kuzaliwa. Tluway ni mvua. Bura ni neno la pombe, na katika nyumba zetu pombe haipikwi bila sababu. Safari, jina lililotoka katika Kiswahili, ni la wengi sana huko Mbulu. Majina haya ni kama kipande cha tarehe. Mzee aitwaye Tluway huenda hajui mwaka wake, lakini jina lake limehifadhi kitu kuhusu siku yake.

Na juu ya jina liko jina la ukoo, ambalo halitajwi kila siku. Mtu huulizwa ukoo wake akienda mahali pa mbali, au akitaka kuoa. Kwa desturi haoi ndani ya ukoo wake, hata kama ndugu yule yuko mbali kwa vizazi ambavyo hakuna awezaye kuvihesabu. Kwa hiyo jina la ukoo kwetu lilifanya kazi ile ile ya "aitwaye" wa Wafaransa: lilimtenga Bura huyu na Bura yule.

Vitabu vya misheni vilipofika vilifanya nini? Watu wengi husema vilifuta majina ya kienyeji. Sheria haikuwa hivyo. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilimtaka paroko ahakikishe kwamba mbatizwa anapewa jina la kikristo. Na kama hawezi kulipata kwa wazazi, aongeze jina la mtakatifu juu ya jina walilolitoa, na yote mawili ayaandike katika kitabu. Iliagiza pia yaandikwe majina ya wazazi na ya wasimamizi, na mahali, na siku. Sheria ya mwaka 1983 imelegeza zaidi: yataka tu jina lisiwe kinyume cha roho ya kikristo. Kwa hiyo mtu mwenye kutafuta wazee wake, kitabu cha kale cha parokia si adui yake. Mara nyingi ndicho pekee kitakachomwonyesha jina la kienyeji na jina la ubatizo juu ya mstari mmoja. Hasara ilikuja baadaye, pale watoto walipoandikwa shuleni na ofisini kwa jina la ubatizo la baba na jina la ubatizo la babu, kwa kuwa karani aliyaandika kwa wepesi. Ndipo tulipopata akina Yosefu Paulo Petro.

Na ukoo je? Hakuna sheria, ya Kanisa wala ya serikali, iliyoagiza ukoo uandikwe. Ndilo pengo lenyewe. Wafaransa waliandika jina la nyumba ya mama kwa kuwa kwao lilikuwa sehemu ya jina lake. Mama zetu jina la ukoo wao halikuwa sehemu ya jina la kuitwa. Likabaki nje ya kitabu.

Pengo hili si la mchezo. Yaweza kutokea kijana wa Dareda na msichana wa Galapo wakakutana mjini, wakapendana, wakaenda kwa paroko. Vitabu vya parokia mbili vikifunguliwa havionyeshi kizuizi, maana Kanisa leo huzuia mpaka watoto wa ndugu wawili, na hawa hawafiki huko. Tangazo husomwa. Kisha shangazi mmoja huja kutoka mlimani, huuliza ukoo, na nyumba mbili huingia katika fitina, mahari imekwisha kutolewa. Nani mwenye kosa? Kijana hakudanganya, na kitabu hakikudanganya. Swali moja tu halikuulizwa kwa wakati wake.

Tumesema habari za Wairaqw na Wagorowa. Wadatoga wana desturi zao, nazo zastahili kukaliwa kidogo. Kwao majina mengi ya wanaume huanza na Gida, na ya wanawake huanza na Uda, hata mgeni akisikia jina ajua kama ni mwana au binti. Lakini mtafutaji asikimbilie kukata shauri: Wairaqw na Wagorowa wengi pia wana majina ya Gida, kwa ajili ya kuoana na kukaa pamoja kwa muda mrefu. Gida katika jina la babu yako ni dalili ya kuuliza.

Jambo lililo kubwa zaidi kwao ni mwiko wa jina. Mwanamke wa Kidatoga akiolewa hamtaji baba mkwe wake wala wakubwa wengine wa mumewe kwa majina. Na si jina tu. Maneno ya kila siku yanayofanana kwa sauti na jina lile nayo huyaacha, akatumia maneno mengine badala yake, maneno ambayo wanawake wanayajua na kufundishana. Wazulu na Waxhosa wa kusini wana desturi kama hiyo, wao huiita hlonipha. Basi tazama: karani humwuliza mama Mdatoga, Babu wa mtoto huyu anaitwa nani? Mama hunyamaza, au hutaja jina jingine. Karani huandika alilosikia, au huandika kwamba hajulikani. Tumeona watu wakimcheka mama wa namna hii kuwa ni mjinga. Yeye yu katika heshima kuu, na ukimya wake ni habari: alilolikwepa ndilo jina lenyewe.

Wanaume wakuu wa Wadatoga, wakifa, hufanyiwa mazishi yaitwayo bung'ed. Hujengwa kichuguu kikubwa cha udongo juu ya kaburi, na sherehe yaweza kuchukua miezi tisa mpaka kwisha. Watu wa koo nyingi hukusanyika. Mwenye kutaka kujua wazee wa ukoo ule, hapo atasikia kwa siku chache mengi kuliko atakayoyapata katika kabati la ofisi.

Liko tatizo la mwisho, la herufi. Lugha za Kiiraqw na Kigorowa zina sauti ambazo Kiswahili hakina, na wageni waliziandika kila mmoja kwa sikio lake. Mlima wetu huandikwa Kwaraa na Kwaraha. Nchi yenyewe katika vitabu vya zamani ni Ufiome, au Ufiomi. Jina la John Stephen Akhwari wa Mbulu, yule aliyemaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 akiwa na jeraha mguuni, wenye kufuata maandishi ya lugha yake wataliandika kwa x. Kwa hiyo mtu asiseme jina la babu halimo kitabuni mpaka amelitafuta chini ya K, na Q, na H, na X.

Kwa wale watakaoanza kazi hii, twashauri hivi. Kwanza mtu awaulize wazee walio hai, awaulize shangazi kabla ya wajomba, maana shangazi zetu ndio hujua nani aliolewa wapi. Aandike kwa kila mtu jina la kienyeji, jina la ubatizo au la Kiislamu, ukoo wa baba, na ukoo wa mama. Akose yote, huo wa mwisho asiukose. Kwa Wadatoga asimwulize mke aliyeolewa katika nyumba ile, bali mzee aliyezaliwa humo. Kisha aende kwa paroko akiwa na majina ya wasimamizi kama anayajua, kwa kuwa msimamizi mara nyingi ni jirani au jamaa, na jina lake lafungua mlango ambao jina la Yosefu halifungui. Mbulu ilifanywa eneo lake la pekee la Kanisa mwaka 1943, na jimbo mwaka 1953. Wazee waliobatizwa kabla ya hapo huenda wameandikwa katika parokia mama iliyo mbali na kijiji chao cha leo, basi aulize kwanza ni parokia gani iliyohudumia kijiji wakati ule. Na cheti cha RITA kikija mkononi mwake na majina matatu tu, achukue karatasi nyingine, aandike yale manne yaliyobaki, akiweka kila jina kama mzee alivyolitamka, na tarehe ya siku aliyolisikia, na jina la mzee aliyemwambia.